Urembo Uanzie Miguuni: Mwongozo kwa Watu wa Butare ya Rusizi

Makala za urembo kwa kawaida huanzia usoni. Hii itaanzia miguuni, na sababu ni mahali inapoandikiwa. Sekta ya Butare, wilayani Rusizi, iko kwenye vilima vinavyopanda kuelekea msitu wa Nyungwe. (Wageni huichanganya na Butare ya chuo kikuu, mji ambao tangu mwaka 2006 unaitwa Huye. Hiyo ni nyingine kabisa.) Mvua huku hainyeshi kwa kubahatisha, udongo mwekundu hushika mguu kama gundi, na mtu anayelima, anayebeba ndizi kwenda sokoni au anayetoka kwenye umuganda Jumamosi ya mwisho wa mwezi hurudi nyumbani miguu ikiwa imebadilika rangi. Mgeni akikukuta mlangoni hutazama uso wako mara moja, kisha macho yake hushuka chini. Kwa hiyo nasi tuanze huko chini.

Hili ni jambo la afya kabla ya kuwa la mapambo. Kuna ugonjwa ambao Wanyarwanda huuita imidido. Miguu huvimba taratibu, ngozi hukakamaa na kuota vinundu, na mwishowe viatu vya kawaida havimtoshi mtu. Kwa macho unafanana na matende yanayoletwa na mbu, ila chanzo chake ni kingine: mtu anatembea peku miaka mingi kwenye udongo wa asili ya volkano, chembechembe ndogo sana za madini hupenya ngozi ya nyayo na kuchoma mishipa ya limfu kutoka ndani. Hauambukizi, wala si wa kurogwa. Utafiti wa nchi nzima uliochapishwa mwaka 2019 uliukuta katika wilaya zote 30 za Rwanda, ukakadiria wagonjwa zaidi ya 6,000. Wilaya iliyokuwa na kiwango cha juu kuliko zote ni Nyamasheke, jirani zetu wa kaskazini, ambako makadirio yalikuwa watu 119 katika kila 100,000. Milima yao na yetu ni ile ile.

Kinga yake inafanana kabisa na utunzaji wa miguu ambao mrembo yeyote angeshauriwa: viatu vya kufunika mguu kila unapotoka, hata ukienda shambani tu, na kuosha miguu kwa sabuni kila jioni. Kandambili ni nzuri nyumbani na bafuni, lakini shambani udongo unapita pande zote. Buti za mpira ndizo zinazofaa, mradi uzivae na soksi na kuzigeuza zikauke usiku, kwa sababu mguu unaoshinda ndani ya unyevu huota fangasi katikati ya vidole. Ukishaosha, kausha kila kidole peke yake. Watu wengi hukausha nyayo wakasahau hapo katikati, ndiyo maana muwasho hauishi.

Magaga ya visigino yanatibika kwa vitu vya nyumbani. Loweka miguu dakika kumi na tano katika maji ya uvuguvugu, sugua kwa jiwe la kusugulia bila kukwangua hadi damu, futa, kisha paka mafuta mazito kama Vaseline wakati ngozi bado ina unyevu kidogo, vaa soksi, lala. Fanya hivyo kila usiku kwa wiki mbili hivi na utaona tofauti. Wembe usiutumie kukata magaga. Mwenye kisukari asisugue kabisa. Amwonyeshe muuguzi, maana kidonda kidogo cha mguu kwake kinaweza kuwa kikubwa bila yeye kuhisi maumivu.

Funza nao, wale wa kuingia chini ya kucha, huzidi wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi linapokuwa jingi. Kumwaga maji kwenye sakafu ya udongo kabla ya kufagia hupunguza sana. Kosa la kawaida ni kuwatoa kwa pini moja inayozunguka familia nzima. Pini hiyo hubeba homa ya ini na maradhi mengine kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Kituo cha afya watawatoa kwa usafi, na watakuangalia kama unahitaji sindano ya pepopunda.

Iwapo mguu unawaka moto usiku, unawasha upande wa juu wa vidole, au unavimba jioni na kunywea asubuhi, usingoje. Imidido ikianza hivyo hurudi nyuma kwa kuosha, kupaka mafuta, kuinua miguu na kuvaa viatu. Ikikomaa, hupungua tu.

Sasa tupande kwenye ngozi ya mwili

Asubuhi ya vilimani ni baridi na watu hupenda maji ya moto. Yana raha yake, ila yanaondoa mafuta ya asili ya ngozi, na ndiyo sababu mtu anatoka bafuni akiwa na ngozi ya kijivu miguuni na mikononi. Maji ya uvuguvugu yanatosha. Sabuni kali ya kufulia iache kwa nguo. Ndani ya dakika chache baada ya kujifuta, kabla ngozi haijakauka kabisa, paka mafuta: kazi ya mafuta ni kuzuia maji yasitoke, hayaleti maji mapya. Hii ndiyo siri nzima ya losheni zote za dunia, za bei rahisi na za bei mbaya. Mafuta ya Vaseline, ya nazi au siagi ya shea kutoka kaskazini mwa Uganda yanafanya kazi sawa. Mabibi wa nchi hii walijipaka samli ya ng'ombe, na walijua walichokuwa wakifanya, ingawa mwanafunzi wa leo anayejipaka samli atakaa peke yake darasani.

Watu wa Rusizi wana bahati ya chemchemi za maji moto upande wa Bugarama, na wengi hushuka huko wakiamini yatawaondolea upele. Maji hayo hulegeza misuli na viungo, hilo halina ubishi. Lakini mwenye kidonda kibichi au ugonjwa wa ngozi wa kuambukiza anagawana maji na wenzake, na mwenye ngozi kavu atatoka akiwa mkavu zaidi. Nenda kwa starehe, kisha ukirudi oga maji safi na upake mafuta.

Usoni punguza mafuta. Mafuta mazito ya nywele yanayoteremka kwenye paji la uso huziba vinyweleo na kuleta chunusi mstari mzima chini ya nywele. Vijana wengi huhangaika na dawa wakati kinachotakiwa ni kufuta paji. Osha uso mara mbili kwa siku, tumia taulo yako mwenyewe, na usitumbue chunusi, kwa kuwa kwa ngozi nyeusi alama inayobaki huchukua miezi kufutika, wakati chunusi yenyewe ingeisha kwa siku chache. Limau usoni ni hatari: juisi yake ikikutana na jua huunguza ngozi na kuacha mabaka. Dawa ya meno juu ya chunusi nayo huunguza. Kitunguu, sukari ya kusugulia, magadi, vyote hivi vinavyopita kwenye simu za watu viache jikoni.

Jua linasahaulika kwa sababu ya baridi. Tuko digrii mbili na kidogo kusini mwa ikweta, na juu ya hapo tuko mlimani, ambako miale inayounguza huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ziwa Kivu peke yake liko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, na sisi tumepanda kutoka hapo. Wingu jepesi halizuii miale hiyo. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, kubwa kweli, lakini mabaka ya mashavuni, midomo iliyoungua na ile nyama nyeupe inayoota pembeni mwa jicho huletwa au kuzidishwa na jua. Kofia pana shambani na mwavuli njiani, kama wamama wanavyofanya tangu zamani, vinamtosha mtu wa kawaida.

Kwa mwenye ualbino havitoshi. Yeye anahitaji mikono mirefu, kofia na mafuta ya kukinga jua kila siku ya maisha yake, kuanzia utotoni, la sivyo saratani ya ngozi humwahi. Hospitali ya KCMC huko Moshi, Tanzania, hutengeneza mafuta maalumu kwa ajili yao yanayoitwa Kilisun, kutokana na kuona wagonjwa wakifika wakiwa wamechelewa. Mzazi wa mtoto mwenye ualbino aulize kituo cha afya au chama cha watu wenye ualbino namna ya kupata mafuta ya kinga, na aombe mwalimu amkalishe mtoto mbali na dirisha lenye jua na karibu na ubao.

Mkorogo

Hapa, kwenye mafuta ya kujichubua, nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi na ngozi nyingi hupotea.

Ukisimama sokoni Kamembe utasikia maneno ya biashara yaliyozoeleka: "Dada, hii haichubui, inang'arisha tu." Muuzaji anaweza kuwa anaamini anachosema. Ng'ambo ya mto ni Bukavu, na vipodozi ambavyo Rwanda imepiga marufuku huvushwa kutoka huko kwa vifurushi vidogo, vingine vikiwa vimemiminwa kwenye vikopo visivyo na jina. Novemba 2018 Rais Paul Kagame aliandika kwenye Twitter kwamba dawa hizi za kujichubua ni hatari kwa afya, akitaka Wizara ya Afya na polisi wachukue hatua. Msako ulianza maduka kwa maduka nchi nzima. Mwaka huo huo sheria ilikuwa imeunda mamlaka ya chakula na dawa, Rwanda FDA, ambayo sasa ndiyo inayosimamia vipodozi. Msako husaidia. Lakini kinachokulinda kila siku ni kujua kusoma kopo.

Maandishi ya makopo yanayofika Rusizi huwa ya Kifaransa au Kiingereza. Tafuta maneno haya: "hydroquinone", "mercury", "mercure", "mercurio" au "calomel", ambayo yote ni zebaki, na "clobetasol" au "betamethasone", ambazo ni dawa za hospitali za jamii ya steroidi. Ukikuta mojawapo, rudisha. Ukikuta kopo halina orodha yoyote ya vilivyomo, rudisha upesi zaidi. Ukikuta ahadi ya weupe ndani ya siku saba, hakuna haja hata ya kusoma.

Zinavyofanya kazi ni hivi. Rangi ya ngozi hutengenezwa na chembe zilizo chini ya tabaka la juu, na rangi hiyo ndiyo mwavuli wako wa kwanza dhidi ya jua. Haidrokwinoni na zebaki huzuia utengenezaji huo. Miezi ya kwanza mtu anafurahi. Baadaye haidrokwinoni huweza kugeuka: mashavu yanaota mabaka ya rangi ya samawati nyeusi, magumu, ambayo hayaondoki hata ukiacha. Afrika Kusini ilikuwa na wanawake wengi waliopata mabaka hayo, na ikapiga marufuku dawa hiyo kwenye vipodozi mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Zebaki haiishii kwenye ngozi. Hupita kwenye damu na kukaa kwenye figo. Madaktari wa Nairobi walieleza jambo hili mwaka 1972 katika jarida la kitabibu la Uingereza: walikuwa wanapokea watu wazima waliovimba mwili kwa ugonjwa wa figo, na walipouliza vizuri wakakuta wengi wao walikuwa wakijipaka mafuta ya kujichubua yenye zebaki. Zaidi ya miaka 50 imepita. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kufanya kazi mwaka 2017 na ambao Rwanda ni mwanachama, uliweka kikomo cha sehemu moja kwa milioni kwenye vipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuondoa kabisa hata hicho kidogo. Bado makopo yanauzwa.

Steroidi ndizo zinazodanganya zaidi, kwa sababu ni dawa halali zikitolewa na daktari kwa siku chache. Ukijipaka mwili mzima miezi na miezi, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, michirizi inatokea mapajani na mikononi, nywele zinaota usoni, fangasi anasambaa kwa siri, sukari na shinikizo la damu vinaweza kupanda. Waulize manesi wa chumba cha upasuaji: ngozi ya namna hiyo haishiki nyuzi vizuri, na kidonda cha mama aliyejifungua kwa kisu huchelewa kufunga. Hilo peke yake lingetosha kumzuia msichana anayejiandaa kwa harusi, maana ni wakati wa harusi ndipo shinikizo la kununua weupe huwa kubwa, mashangazi na picha vikiwa vinangoja.

Na weupe wenyewe haukamiliki. Vifundo vya vidole, masikio na miguu hubaki na rangi yao, ndiyo yale maneno ya mitaani ya uso wa Fanta na miguu ya Coca-Cola.

Anayetaka kuacha asiache ghafla peke yake ikiwa amekuwa akitumia steroidi kwa muda mrefu. Ngozi hulipuka kwa wekundu, moto na chunusi, na wengi huirudia krimu ile ile kwa kudhani ndiyo inayowaponya. Nenda kituo cha afya na kopo lako mkononi, bila aibu. Watakuelekeza namna ya kupunguza, na ukihitaji watakupa rufaa kwenda hospitali ya Mibilizi au Gihundwe kwa bima yako ya mitiweli. Rangi yako itarudi taratibu, kwa miezi. Siku hizo jikinge na jua kuliko kawaida.

Nywele, ndevu, meno

Mwezi Machi 2018, kwenye tuzo za Oscar, mwigizaji Lupita Nyong'o alitokea na nywele zilizofuata mtindo wa amasunzu, ile sanaa ya Rwanda ya kunyoa na kuinua nywele kwa mikunjo ya mwezi mchanga. Ukitazama picha za zamani za wasichana na vijana wa amasunzu, angalia pembeni mwa paji: nywele zimejaa. Mtindo ule ulikuwa wa kukata na kuchana, hakuna kilichokuwa kinavuta. Rasta na misuko ya leo huvuta, na mvuto wa kila wiki kwa miaka hung'oa nywele za pembeni moja kwa moja, kwa sababu mzizi hufa. Kanuni ni rahisi. Msuko unaokufanya umeze dawa ya maumivu usiku umebana mno, fumua. Ukiona vipele vidogo kwenye mstari wa nywele, fumua. Msusi mwambie mapema, "Dada, usinibane hapa mbele", na asikuambie kwamba maumivu ndiyo urembo. Baada ya wiki sita hivi zipumzishe.

Kwa kinyozi, wasiwasi wangu ni damu. Mashine inayokwangua kichwa kimoja baada ya kingine huweza kupitisha mapunye, na ikichubua huweza kupitisha homa ya ini. Rwanda ilianzisha mwezi Desemba 2018 mpango wa kutokomeza homa ya ini aina ya C, watu wakapimwa na kutibiwa kwa wingi, na itakuwa hasara kuirudisha kwa wembe. Lile sanduku lenye taa ya samawati halisafishi mashine iliyojaa nywele. Kwanza ipigwe brashi, kisha ipanguswe kwa spiriti mbele ya macho yako. Wembe uwe mpya. Mtoto mwenye mapunye, yaani viraka vya mviringo visivyo na nywele, anahitaji vidonge vya wiki kadhaa, krimu ya kupaka peke yake haifiki kwenye mzizi. Na mwanamume anayeota vipele shingoni kila akinyoa ndevu aache kunyoa hadi chini kabisa. Aache milimita moja au mbili. Hakuna dawa bora kuliko hiyo.

Meno hayana mengi. Dawa yenye floraidi, mara mbili kwa siku, usiku usikose, tema povu na usisukutue kwa maji mengi ili floraidi ibaki. Mkaa husugua na kula ganda la jino, kwa hiyo weupe wa wiki ya kwanza hulipiwa baadaye.

Chakula pia hakihitaji hotuba. Nywele na kucha zinajengwa kwa protini na madini ya chuma, na hapa tuna maharage, dodo, sombe, parachichi na sambaza wa Kivu, samaki wadogo walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kunywa maji kadiri ya kiu na kazi. Hayo ya kwamba glasi nane huondoa mikunjo ya uso ni hadithi. Usingizi ndio unaoonekana machoni.

Wanawake, jambo moja lisilosemwa: sehemu za siri zioshwe nje tu. Ndani hujisafisha kwenyewe, na sabuni, manukato au majani yakiingizwa huko huharibu ulinzi na kuleta harufu ile ile iliyokuwa ikikimbiwa. Na kuhusu mapambo ya harusini, hina ya kawaida ya rangi ya kahawia haina shida. Ile nyeusi tii inayokauka haraka, piko, mara nyingi huwa imechanganywa na rangi ya nywele, na inaweza kuacha malengelenge na kovu lenye umbo la ua ulilochorwa.

Mwisho, kwa aliyeamua kuachana na mkorogo na ana makopo nyumbani. Usiyachome pamoja na takataka, maana zebaki ikipata moto hugeuka mvuke unaovutwa na kila aliye karibu. Usiyatupe chooni wala shambani. Yafunge kwenye mfuko, uyapeleke kituo cha afya au kwa mfamasia uulize yanapokusanywa. Kisha fua taulo, mashuka na foronya ulizokuwa ukitumia, ukizitenga na nguo za wengine, na taulo iliyolowa krimu miaka mingi itupe pamoja na makopo. Zebaki hubaki kwenye vitambaa na kumpata mtoto anayelala nawe ambaye hakuwahi kupaka chochote. Mjamzito na anayenyonyesha wamwambie nesi walichokuwa wakipaka, ili mama na mtoto waangaliwe wote wawili.